Ni jogoo ao ni mtetea? Tuangalie vizuri mbele ya kugawa

Ilikuwa siku ya mkutano wa koperative, kwenye kilima kimoja cha Kabare, mvua ilikuwa imetoka kukatika. Mama mmoja alifika na kitunga kichwani, akakiweka chini mbele ya meza yetu, akaondoa kitenge kilichokifunika. Ndani mlikuwa kuku watatu wa miezi minne. Salamu hazikuwa nyingi.

"Agro, muliniambiaka kama hizi zote tatu ni za kike. Leo asubui moja imewika, jana ingine. Ile ya tatu, angalia mukia yake. Sasa mayai nitatoa wapi?"

Watu walicheka. Siye tuliokuwa mezani tulicheka kidogo tu, maana ni siye tuliochagua wale kuku. Tuliwachagua wakiwa na majuma matano, tukawafunga uzi mwekundu mguuni kuonyesha kwamba ni majike, tukaandika kwenye daftari, mama akatia sahihi. Uzi ulisema jike. Kuku wenyewe walisema jambo lingine.

Mpango wenyewe mnaujua, unafanana na likelemba. Kila nyumba inapokea majike matatu, jogoo anasaidia nyumba tatu za jirani. Kisha nyumba iliyopokea inarudisha majike matatu kwa jina linalofuata kwenye orodha. Hapo mnaona shida ilipo. Mama aliyepokea majogoo matatu hana mayai, hana vifaranga, lakini daftari linasema ana deni la majike matatu. Na jina linalofuata linangoja. Ile siku, mbele ya watu wote, jirani aliyekuwa akingoja alianza kusema kwamba mama ameuza majike yake na kununua majogoo ili adanganye. Ugomvi ukaanza hapohapo, na sababu yake ilikuwa jicho letu, siye wenye diplome, lililoharakisha.

Njo maana tunaandika hii makala. Wengi hapa wanasema kuku ni benki ya mama, na tangu mabenki ya Bukavu yafunge milango mwezi wa pili 2025, hilo neno si la kuchekea tena.

Hesabu ya kugawa bila kuangalia

Tuseme koperative inagawa vifaranga watatu watatu, bila kujua nani jike nani dume. Katika kuku, kama kwa watu, nusu wanazaliwa dume na nusu jike, karibu sawa. Basi katika nyumba 8, kwa kawaida nyumba moja itapata majogoo matatu, na nyumba moja itapata majike matatu. Nyumba tatu zitapata majike mawili na jogoo mmoja, tatu zingine zitapata jike moja na majogoo mawili. Hakuna mtu aliyeiba, hakuna aliyeroga. Ni bahati tu. Lakini nyumba nne kati ya nane zitabaki na jike moja ao bila hata moja, na hizo njo zitakuja kulia kwenye mkutano.

Na jike moja si kitu kidogo. Kuku ya kienyeji kwetu inataga mayai kama 10 hadi 15, inaatamia, inalea, kisha inaanza tena, mara tatu hivi kwa mwaka. Kama kila mara inaangua vifaranga 9, hiyo ni vifaranga 27. Toa walioliwa na mwewe, toa waliokufa na kideri, toa wa paka. Hata wakibaki kumi tu, ni kuku kumi zilizopotea kwa sababu uzi mwekundu ulifungwa kwenye mguu usio wake.

Yai haliambii mtu kitu

Mbele ya kufika kwenye alama za kweli, tuondoe zile za uongo, maana tunazisikia kila mahali, na hata siye wengine tulikulia nazo.

Mama wengi wametuambia: yai refu lenye ncha linatoa jogoo, yai la mviringo linatoa jike. Wanachagua mayai ya kuatamiza kwa njia hiyo, na yale yenye ncha wanakula. Imani hii ni ya zamani sana. Columella, Mroma aliyeandika juu ya kilimo karibu miaka 2000 iliyopita, alisema vilevile. Lakini Mgiriki Aristotle, aliyemtangulia kwa miaka zaidi ya 300, alikuwa ameandika kinyume: yai refu lenye ncha ni jike, la mviringo ni dume. Wazee wawili wenye akili, kila mmoja na jibu lake, na yai ni lilelile. Umbo la yai linatoka kwenye njia ya uzazi ya mama kuku. Kuku mmoja anaweza kutaga mayai yenye ncha maisha yake yote, na bado akaangua majike na majogoo nusu kwa nusu.

Kuna wanaoning'iniza sindano kwenye uzi juu ya yai, wakingoja ikizunguka ao ikienda mbele na nyuma. Kuna wanaoshika kifaranga miguu juu kichwa chini: akitulia ni jike, akipigapiga mabawa ni dume. Tulijaribu hii ya mwisho pamoja na vijana wa koperative moja, tukaandika, tukangoja miezi mitatu. Ilikuwa sawa na kurusha sarafu hewani.

Na kuna jambo moja linaloumiza. Tumeona baba akiuza jogoo mzuri, mwenye kifua na miguu yenye nguvu, akisema: "Huyu anazaaka majogoo tu." Ndugu, kwa watu ni mbegu ya baba inayoamua kama mtoto atakuwa wa kike ao wa kiume. Kwa kuku ni kinyume. Mama kuku ana aina mbili za mbegu, moja ya dume na moja ya jike, na jogoo ana aina moja tu. Jogoo hana kosa. Na mama kuku pia usimchinje kwa hiyo sababu: mara hii amekuangulia majogoo saba, mara ijayo inaweza kuwa majike saba.

Wanavyofanya viwandani

Mtu atauliza: na wale wanaouza vifaranga wa siku moja, wa kuku wa mayai, wanajuaje? Tumeulizwa mara nyingi, hasa na vijana wanaoleta vifaranga kutoka ng'ambo ya Ruzizi.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya Wajapani. Wataalamu wawili, Masui na Hashimoto, walichunguza tundu la nyuma la kifaranga aliyetoka kuanguliwa, wakaona ndani yake kijinundu kidogo kama kichwa cha pini, ambacho kwa dume kina umbo tofauti na la jike. Mwaka 1927 jambo hilo lilielezwa kwenye mkutano wa dunia wa wafugaji wa kuku huko Ottawa, Kanada, na tangu hapo Wajapani waliofundishwa kazi hiyo waliitwa Marekani, Ulaya na kwingine. Mtu aliyezoea anaweza kuchagua vifaranga karibu elfu moja kwa saa. Lakini anafundishwa kwa miezi mingi, na anakosea maelfu mbele ya kuzoea. Tunawaomba sana: msijaribu nyumbani. Ukibonyeza tumbo la kifaranga vibaya, utumbo unapasuka.

Njia ya pili ni rangi. Kuku wengi wa mayai wa kahawia wanatokana na jogoo mwekundu na mama mweupe waliochaguliwa kwa kazi hiyo. Vifaranga wao, siku wanayoanguliwa, jike ni wa kahawia na dume ni wa njano inayoelekea nyeupe. Mtoto wa miaka sita anaweza kuwachagua. Lakini sheria hiyo inaishia kwa hao vifaranga. Ukichukua hao majike ukawazalisha na jogoo yako nyumbani, rangi haikuambii tena chochote. Huko viwandani madume hawana kazi, na katika nchi nyingi wanauawa siku hiyohiyo. Ujerumani ilikataza jambo hilo kuanzia tarehe 1 Januari 2022. Kwetu jogoo ana mnunuzi, basi hakuna anayemtupa.

Hii njia ya rangi tunaweza kuitumia kidogo hata kwetu. Kama una mama kuku wa mistari-mistari nyeusi na nyeupe, na jogoo asiye na mistari hata kidogo, mweusi ao mwekundu, basi mama anawapa mistari yake watoto wa kiume tu. Kifaranga mweusi akitoka na alama nyeupe juu ya kichwa, kama mtu aliyemdondoshea unga, ni dume. Asiye nayo ni jike. Angalieni vizuri masharti: mistari iko kwa mama, haiko kwa baba. Ukigeuza, jogoo wa mistari na mama asiye nayo, watoto wa kike na wa kiume wote wanaweza kuipata, na umerudi palepale. Na kwa kifaranga mwenye rangi hafifu ile alama haionekani. Kwa nyumba yenye majogoo ya jirani yanayoingia kila saa, hatuwaahidi kitu.

Alama za kweli, kwa umri wake

Kwa kuku zetu za kienyeji, zilizochanganyika rangi na damu, hakuna alama moja inayotosha. Na hakuna alama ya kuaminika mbele ya mwezi wa kwanza kuisha. Kosa letu la ile siku lilikuwa hapo. Tuliangalia mapema, tukaangalia kitu kimoja tu, kilemba.

Jambo la kwanza kabisa: linganisha ndugu na ndugu. Chukua vifaranga walioanguliwa siku moja na mama mmoja, waweke pamoja ndani ya kitunga ao kwenye uwanja, uwaangalie wote kwa mara moja. Kifaranga mmoja peke yake hasemi kitu. Ukimlinganisha na wa nyumba nyingine, aliyekula vizuri zaidi ao aliyemtangulia kwa siku kumi, utadanganyika.

Kuanzia juma la sita hadi la nane, madume yanaanza kujitenga. Kilemba kinainuka kidogo na kupata rangi ya pinki, cha jike kinabaki kidogo na cha njano. Miguu ya dume ni minene, anasimama wima, shingo juu. Na hii watu wengi hawaijui: jike anavaa manyoya haraka kuliko ndugu yake. Angalia mgongo na mabega. Jike amefunikwa vizuri na mkia umeshatoka, wakati dume bado ana sehemu tupu mabegani na kamkia kafupi, utafikiri ni mgonjwa. Mama mmoja wa Walungu alituambia kwamba yeye anachagua majike yake kwa kuangalia "nani amevaa". Ana haki. Lakini hata hapa andika kwa kalamu ya risasi, usiandike kwa wino.

Juma la kumi na mbili hadi la kumi na sita ni wakati wa kuamua. Hapo tunaacha kilemba, tunaangalia manyoya. Mshike kuku, mgeuze akuelekezee mgongo, upite kidole juu ya manyoya ya shingo, kisha yale ya kiunoni, pale mgongo unapokutana na mkia. Kwa jogoo, manyoya ya pale ni marefu, membamba, yana ncha kama jani la majani ya ng'ombe, yanang'aa, na yanaanguka pande mbili za kiuno. Kwa jike, manyoya ya palepale ni mafupi na mviringo mwishoni kama kucha ya kidole gumba. Kama umeona unyoya wenye ncha kiunoni, ni dume, hata kama kilemba chake ni kidogo, hata kama hajawahi kuwika. Katika alama zote, hii njo tunayoiamini zaidi. Kwenye mkia wa jogoo yanatoka pia manyoya mawili ao zaidi yanayopinda kama mundu, lakini hayo yanaweza kuchelewa.

Rangi nayo inasaidia, kwa kiasi. Kuku mchanga mweupe ao wa kijivu anayeanza kutoa nyekundu kali juu ya bawa, kama aliyemwagiwa rangi, karibu kila mara ni jogoo. Jike wa rangi ya kware, mwenye vidoadoa vya kahawia mgongo mzima, anabaki hivyo. Kaka yake anakuwa kifua cheusi, mgongo mwekundu. Kwa kuku mweusi tupu ao mweupe tupu rangi haisaidii.

Wale wanaodanganya

Wenye shingo tupu wanatusumbua, kwa sababu shingoni hakuna manyoya ya kusoma. Kwao nenda moja kwa moja kiunoni. Wale wa manyoya yaliyojikunja ni wabaya zaidi, maana unyoya umepinda hata hujui kama una ncha ao hauna. Ng'oa mmoja tu wa kiunoni, unyooshe kwa vidole, utaona.

Kilemba si cha aina moja. Tumezoea kile chenye meno kama msumeno. Lakini kuna kuku wenye kilemba kidogo cha kulala, kama punje za mahindi zilizopangwa mistari. Kwa hao, hata jogoo anachelewa kuonyesha, na mtu anamhesabu jike hadi mwezi wa nne. Wale watatu wa mama wa Kabare walikuwa wa kilemba hicho. Tungejua kungoja manyoya, tusingeaibika.

Kuna pia jogoo anayejificha. Ndani ya kundi lenye jogoo mkubwa mkali, kijana wake hawiki, kilemba chake kinakua polepole, anapita pembeni kama jike. Siku mnapouza yule mkubwa, kesho asubui "mtetea" wenu anawika. Watu wanasema kuku amegeuka. Hajageuka, alikuwa anaogopa kupigwa.

Kugeuka kwenyewe kupo, lakini ni nadra. Kuku jike ana kiwanda kimoja tu cha mayai kinachofanya kazi, cha upande wa kushoto. Kikiharibika kwa ugonjwa ao uzee, anaacha kutaga, na kuna wakati anaotesha manyoya ya jogoo na kuwika. Tunajua namna watu wanavyoogopa jike anayewika, wanasema ni mkosi na anachinjwa siku hiyohiyo. Mchinje, ndiyo, maana hatataga tena. Lakini usimtafute mchawi.

Na mwiba wa mguuni usiuamini peke yake. Majike mengi ya uzee yana mwiba, na jogoo kijana anaweza kuwa na kijinundu tu.

Kosa la upande wa pili ni chungu zaidi. Mwezi wa tano ao wa sita, jike anayekaribia kutaga, kilemba chake kinakuwa kikubwa na chekundu kabisa kwa juma mbili tatu tu. Mtu aliyemhesabu jike anashituka: "Kumbe jogoo!" Baba mmoja tunayemfahamu alichinja "jogoo" wake mwekundu wa kilemba kwa ajili ya Noeli. Mke wake alipofungua tumbo alikuta yai lenye ganda laini, na nyuma yake shada la viini vya njano, vikubwa na vidogo, zaidi ya kumi. Walikula kimya. Kwa hiyo, kuku wa umri huo mwenye kilemba chekundu, kabla ya kisu, weka mkono juu ya mgongo wake na umbonyeze kidogo. Jike aliye tayari anachutama chini na kupanua mabawa. Kisha pima kwa vidole mifupa miwili myembamba iliyoko pande mbili za tundu la nyuma. Ikiachana kiasi cha vidole viwili ao zaidi na ni laini, huyu anataga ao atataga juma hili. Kwa jogoo mifupa hiyo imekaribiana na ni migumu.

Sokoni

Ukienda Mudaka ao Mugogo kununua mtetea, usinunue kwa bei ya jike kuku ambaye bado umri wake haujasema. Muuzaji hana lazima ya kuwa mwongo. Pengine yeye mwenyewe hajui. Kuku wa miezi miwili, lipa bei ya kuku mdogo tu, iwe bahati yako. Ukitaka uhakika, nunua wa miezi minne kwenda mbele, pima manyoya ya kiunoni mbele ya muuzaji, bila haya. Wakati mwingine wanauza kuku waliofungwa miguu kichwa chini, manyoya yote yamelala upande mmoja. Omba asimamishwe chini.

Na ukifika nyumbani usimwingize kundini palepale. Mtenge majuma mawili. Kideri kinasafiri ndani ya vitunga vya soko kuliko njia nyingine yoyote, na kundi lote linaweza kwisha kwa siku chache hata kama umechagua majike kwa ustadi. Juu ya chanjo ya tone la jicho tutaandika peke yake, maana inahitaji nafasi.

Majogoo waliobaki

Kujua mapema nani ni jogoo si kwa ajili ya mayai tu. Jogoo mmoja anatosha majike 8 hadi 10. Wanaobaki wanakula mahindi, wanapigana, wanapanda majike hadi mgongo unabaki bila manyoya na wenye vidonda. Mara unapoona ncha kiunoni, chagua mmoja ao wawili walio bora (waliokua haraka, ambao mama yao anataga na kulea vizuri), wengine watenge pembeni, wape mihogo, mahindi yaliyovunjika, dreshi kama inapatikana, wadudu, na uwapangie siku ya kuuza. Sikukuu zinajulikana: tarehe 30 Juni, Noeli, Bonane. Hesabu miezi sita nyuma kutoka hapo njo ujue lini kuatamiza. Jogoo wa nje ya ukoo ni bora kuliko mtoto wa nyumbani kumpanda mama yake. Badilishaneni na kilima kingine.

Tulivyokubaliana

Baada ya ugomvi wa Kabare, tulikaa na kamati mchana mzima. Siye tulipendekeza kuku wagawiwe wakiwa na majuma kumi na sita. Mama waliokuwa na zamu ya kurudisha walikataa: nani atalisha hao kuku miezi minne, na mahindi bei hii? Wao walitaka majuma kumi na mbili. Walikuwa na haki kwa upande wao, na tulisimama kwenye kumi na nne. Anayepokea anamletea anayetoa kilo mbili za mahindi kwa kila kuku, kusaidia kuwalisha yale majuma ya mwisho. Majogoo wote wanabaki kwa anayetoa, na hilo lilituliza wengi.

Siku ya kugawa, watu watatu wanaangalia kila kuku kiunoni: anayetoa, anayepokea, na mtu mmoja wa kamati. Wakitofautiana, huyo kuku anarudi nyumbani juma mbili zaidi, hakuna kupiga kura. Uzi wa mguuni tumeuacha kwa vifaranga, maana mguu unakua na uzi unakata nyama. Tumeona vidole viwili vikikauka kwa hiyo sababu. Badala yake tunapaka verni ya kucha kwenye kidole kimoja, na kurudia kila juma la pili. Vijana walicheka, wakisema kuku zetu zinaenda kwenye ndoa. Inafanya kazi.

Na kipande cha mwisho, kilichochukua saa nzima peke yake: kuku aliyeandikwa jike akiwika, deni linafutwa, na aliyetoa anarudisha jike la kweli kwa muda wa miezi mitatu. Safari hii waliotoa ni siye, basi tulianza na siye.

Yule mama aliuza majogoo wawili mbele ya Bonane, pesa yake akanunua mtetea mmoja wa miezi mitano, aliyempima mwenyewe kwa vidole viwili huku muuzaji akimwangalia kwa mshangao. Jogoo wa tatu, wa kilemba cha punje za mahindi, alibaki kusaidia nyumba tatu. Majike mawili ya kwetu yalimfikia mwezi wa pili. Anarudisha matatu mwezi wa nane, na yule jirani aliyempigia kelele njo jina linalofuata kwenye orodha. Amekwisha kuja mara mbili kuangalia viuno.